Mafuta, maji na ubongo: tuliyojifunza tukimuuguza dada

Mi nafanya kazi kiwanda cha maziwa hapa Iringa, kitengo cha mashine ya homojenaiza, ile inayochukua maziwa ya moto na kuyasukuma kwa presha kubwa kwenye upenyo mwembamba sana mpaka mafuta yanakatikakatika yasiweze tena kupanda juu na kufanya utando. Mafuta ndani ya maji, ndo kazi yangu ya kila siku. Sikuwahi kuwaza kama ingekuja kuhusika na ugonjwa wa dada yangu, na naandika haya kwa sababu najua kuna familia sa hizi ziko palepale tulipokuwa sisi, mgonjwa ana uvimbe kwenye ubongo, na mtu ameshapita na chupa anasema ni dawa ya nano.

Dada alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Ilula. Ilianza na kichwa, kichwa cha alfajiri, anaamka kinauma anatapika, jua likipanda kinatulia kidogo anaenda kazini. Akatibiwa malaria, akapimwa presha, akaambiwa apumzike ni mawazo. Afu majina yakaanza kupotea, anamwangalia mtoto aliyemfundisha tangu la kwanza anajua kabisa huyu ni nani lakini jina halitoki mdomoni. Siku moja ya gulio akaanguka pale kwa wauza nyanya, mkono wa kulia unarukaruka, mdomo umevutwa upande. Wapo waliosema kifafa, wapo waliosema mkono wa mtu, mi siwalaumu, ukiona mtu mzima anaanguka vile mbele ya macho yako unatafuta sababu yoyote ile.

Siti skani ikaonyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo na kuzunguka huo uvimbe kumejaa maji. Daktari akaandika rufaa ya Dar, akaanzisha dawa ya kuzuia degedege na deksamethasoni, wenyewe hospitali wanaiita deksa. Naomba uishike hiyo deksa kichwani maana ndo kisa chenyewe kilipo.

Wiki hiyohiyo kaka mkubwa wa shemeji akaja na chupa ndogo ya kahawia ya kudondoshea. Kauziwa, na sio hela ndogo, na alikuwa amekopa. Aliyemuuzia kamwambia hii ni teknolojia ya nano, matone yake ni madogo kiasi kwamba yanapenya mpaka ndani ya ubongo na kuusaga uvimbe, unadondoshea puani asubuhi na jioni. Wakaanza kumdondoshea. Siku ya pili, ya tatu, dada akakaa kitandani, kichwa kimetulia, akaita watoto wake wote kwa majina, akaomba kande. Nyumba nzima ililia kwa furaha na mimi nikalia. Afu jioni kaka mkubwa akasema sasa ya nini kwenda Dar kupasuliwa kichwa wakati mgonjwa anapona?

Hapo ndo pagumu jamani. Kwa sababu alichokiona amekiona kweli, mgonjwa alikuwa vibaya na sasa ana nafuu. Ila deksa ndivyo inavyofanya kazi, haiuui uvimbe, inapunguza yale maji yaliyovimbisha ubongo kuzunguka uvimbe, na mara nyingi ndani ya siku moja mpaka tatu mgonjwa anabadilika kabisa, anaongea, anakula kweli kweli maana deksa inaleta na njaa. Uvimbe wenyewe uko palepale unaendelea kukua. Kwa hiyo chupa ilikuja siku zilezile ambazo deksa inaanza kushika, na sifa zote zikaenda kwenye chupa. Nimekuja kuongea na wauguzaji wengine, hii imewatokea wengi, tena wengine wanaacha na deksa yenyewe ghafla wakiona mgonjwa mzima, na deksa ikishatumika kwa muda haiachwi ghafla, inapunguzwa taratibu kwa maelekezo ya daktari, ukiikata mgonjwa anaweza kuporomoka vibaya.

Mi nikaomba ile chupa niiangalie. Sio kwa ubishi, nilitaka kujua kwa sababu hayo matone madogo ya mafuta waliyokuwa wanayasema ndo ninayoyagusa kazini. Nikadondosha matone kadhaa kwenye glasi ya maji safi, nikakoroga, nikaiweka mezani. Kabla hata chai haijaiva mafuta yalikuwa yamepanda juu yote, duara za njano zinaelea, zinaungana moja baada ya nyingine, na chini maji yamebaki meupe kama yalivyokuwa. Nikawasha tochi ya simu nikamulika pembeni ya glasi, mwanga ukapita moja kwa moja hauonekani njia yake. Harufu ilikuwa ya mkaratusi.

Sasa nieleze kwa nini hilo lina maana. Maziwa yakitoka kwa ng'ombe yana chembe za mafuta za ukubwa wa wastani kama maikromita 3 au 4 hivi (maikromita ni milimita moja ukiigawa mara elfu), ukiyaacha zinapanda. Sisi tunayapasha moto nyuzi kama 60 mpaka 70 tunayapitisha kwenye mashine kwa presha ya kama baa 150 mpaka 200, chembe zinashuka chini ya maikromita moja, na yale maprotini ya maziwa yanakimbilia kuzifunika zisirudi kuungana. Hiyo nano ya kweli ya matone inaitwa nanoemulsheni, yaani matone madogo mno ya mafuta ndani ya maji, ni hilohilo ila limesukumwa mbali zaidi, presha ni kubwa mara kadhaa ya hiyo ya kwetu, wanarudia raundi nyingi au wanatumia mawimbi ya sauti, mpaka chembe za mafuta zinakuwa nanomita 20 mpaka 200, na wanaweka kitu cha kuzifunika kama lesithini ya kiini cha yai au ya soya, au polisobeti 80. Nanomita 1,000 ndo zinafanya maikromita 1, na chembe nyekundu moja ya damu ina upana wa kama nanomita 7,000 au 8,000, kwa hiyo tunaongelea kitu kidogo kwelikweli. Chembe zikiwa ndogo hivyo mtikisiko wa maji yenyewe unatosha kuzizuia zisipande, inakaa hivyo miezi. Zikishuka chini ya nanomita 100 kimiminika kinakaribia kuwa cha kuonyesha, kina rangi ya kibuluu hivi, na ukimulika tochi unaona mstari wa mwanga umekatiza ndani. Kitu kinachojitenga ndani ya dakika chache sio nanoemulsheni, ni mafuta.

Na hata kama ingekuwa nanoemulsheni kweli bado swali linabaki: ndani ya hayo mafuta kuna dawa gani? Maana nano ni namna ya kubeba tu, haitibu kwa kuwa ndogo.

Nilienda kwa kaka mkubwa nyumbani kwake, sikutaka tuongelee pale kwa mgonjwa. Nikamsalimia kamwene, tukakaa, nikamwambia kaka, mi nakushukuru, wewe ndo umekopa kwa ajili ya dada yangu na hilo sitalisahau, ila naomba uje uone kitu kwenye glasi. Nikarudia mbele yake. Akaangalia muda mrefu. Akasema, "Sasa mbona amepata nafuu?" Nikamweleza ya deksa, nikampigia na muuguzi simu akamweleza tena mwenyewe. Na jambo lililomgeuza kabisa sio glasi, ni pale muuguzi aliposema mafuta ya kudondoshea puani kwa mtu ambaye kumeza kwake hakuko sawa yanaweza yakateremka kwenye mapafu na kuleta nimonia ya mafuta. Akasema basi, kesho tuandae safari.

Dar tulikaa muda, Muhimbili upande wa MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo, kwa upasuaji, baadaye hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa mionzi. Majibu ya kinyama, kile kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara, yakasema glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Kwenye mabenchi kule ndo nikajifunza vitu ambavyo naona kila muuguzaji angevijua mapema angeumia kidogo zaidi.

Cha kwanza ni kwamba ubongo una mlango wake. Mwaka 1885 Mjerumani anaitwa Paul Ehrlich aliwadunga wanyama rangi kwenye damu, viungo vyote vikapata rangi ubongo ukabaki mweupe. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann mwaka 1913 akafanya kinyume, akaweka rangi kwenye maji yanayozunguka ubongo, ubongo ukashika rangi na mwili haukushika. Sababu ni kwamba mishipa midogo ya damu ya ubongo kuta zake zimeshonwa seli kwa seli hakuna upenyo, na juu ya hapo zina pampu, dawa ikijipenyeza inakamatwa inarudishwa kwenye damu. Hiyo mishipa midogo ukiiunga yote inakadiriwa kufika kama kilomita 600, yaani uanze Dar upite Iringa uende mpaka mbele ya Mafinga, na urefu wote huo una ulinzi. Wataalamu wanakadiria zaidi ya asilimia 98 ya dawa za molekuli ndogo hazivuki. Ndo maana dawa za saratani nyingi zinazofanya vizuri kwenye titi au kwenye damu hapa hazifui dafu, unaweza kuua ini na uboho wa mgonjwa kabla dozi ya maana haijafika kwenye uvimbe.

Utasikia watu wanasema uvimbe wenyewe unabomoa huo ulinzi kwa hiyo dawa itaingia tu. Ni kweli nusu. Katikati ya uvimbe mishipa inavuja, ila pembeni kabisa, zile seli zilizotambaa kwenda kwenye ubongo mzima ambazo daktari wa upasuaji hazioni na hawezi kuzikata, kule ulinzi bado uko imara. Na hizo ndo zinazorudisha ugonjwa.

Dawa inayovuka vizuri kiasi ni temozolomaidi, ni vidonge, na dada alipewa hiyo pamoja na mionzi. Niliuliza inasaidia kiasi gani na daktari hakunificha. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2005, wagonjwa 573, waliopata mionzi peke yake nusu yao waliishi zaidi ya miezi 12.1, waliopata mionzi na temozolomaidi ikawa 14.6. Ukisikia hivyo unaona ni miezi miwili na nusu tu. Ila akaniambia angalia na miaka miwili, waliokuwa hai walitoka asilimia 10.4 wakawa 26.5. Mi hiyo namba ya pili ndo niliyorudi nayo kwa dada, kwa sababu nilimjua, angetaka kujua kuna mlango au hakuna.

Sasa hapo ndo utaelewa kwa nini watafiti wanahangaika na nanoemulsheni. Sio uongo, hilo neno halijatoka kwa wauza chupa, wameliiba. Mtaalamu mmoja wa usingizi ambaye ni jirani yetu Kihesa aliwahi kunionyesha kichupa kitupu cha propofoli, ile dawa ya kulaza mgonjwa theatre, ndani imebaki nyeupe kabisa kama maziwa. Nikasoma kilichomo: mafuta ya soya asilimia 10, lesithini ya yai asilimia 1.2, gliseroli asilimia 2.25. Nilibaki nimeshika kile kichupa. Ni kazi yetu ileile, chembe za mafuta ndogo zilizofunikwa, zinaingia kwenye mshipa wa mtu na hazizibi. Propofoli haiyeyuki kwenye maji ndo maana inabebwa hivyo. Ila na hapa tusichanganye, inapofika kwenye ubongo inavuka kwa tabia yake yenyewe ya kupenda mafuta, sio kwamba ile chembe nzima imeibeba ikapita nayo ukutani.

Kuivusha chembe nzima, hapo ndo utafiti uliko. Mjerumani mwingine, Jörg Kreuter, na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba ukichukua chembe ndogo ukazipaka polisobeti 80, dawa ya maumivu ambayo peke yake haifiki kwenye ubongo wa panya inafika. Maelezo yaliyokuja kukubalika ni kwamba zikiingia kwenye damu zinavaa protini inaitwa apolipoprotini E, na kuta za mishipa ya ubongo zina vipokezi vya kupokea mafuta yenye protini hiyo, kwa hiyo zinapokelewa kama chakula. Chembe za Kreuter hazikuwa za mafuta lakini waliofuata wameifanyia kazi njia hiyohiyo kwenye nanoemulsheni. Brazili, mji wa São Paulo, Raul Maranhão na timu yake wametengeneza nanoemulsheni inayofanana na lehemu (kolesteroli) ya mwilini, kwa sababu seli za saratani nyingi zina njaa kubwa ya lehemu zinaivuta zenyewe, wakaifungia dawa ndani na wameshaijaribu kwa wagonjwa wa saratani kadhaa. Kuna na njia ya pua, maana neva za kunusa zinatoka juu ya pua zinaingia ubongoni bila kupitia ule ukuta. Hukohuko Brazili, Clovis da Fonseca amewavutisha wagonjwa ambao uvimbe wao umerudi dawa inaitwa perili alkoholi, inayopatikana kwenye mimea. Kwa hiyo muuza chupa alivyosema puani hakubuni kitu kutoka hewani, na ndo ubaya wake, ameokota maneno ya watu wanaofanya kazi usiku na mchana akayabandika kwenye mafuta ya mkaratusi.

Ila kati ya panya na dada yangu kuna safari. Ubongo wa panya mdogo wa maabara hauna hata gramu moja, wa mtu una kama gramu 1,300 mpaka 1,400, dawa iliyosambaa milimita chache kwa panya imemaliza, kwa mtu haijaanza. Pua ya panya karibu nusu yake ni eneo la kunusa, ya kwetu ni sehemu ndogo tu pale juu. Chembe zikidungwa kwenye mshipa nyingi zinaishia kwenye ini na bandama, maana hao ndo wasafishaji wa damu. Na hivyo vya kuzifunika chembe vikizidi vina sumu yake. Afu kuna kitu sisi wa kiwandani tunakijua sana: kutengeneza kidogo kizuri na kutengeneza kingi kizuri kila siku bila kubadilika ni kazi mbili tofauti. Chembe chache kubwa zikiungana kwenye maziwa mteja ataona utando, kwenye mshipa wa mtu zikizidi maikromita 5 zinaweza kuziba mishipa ya mapafu. Kwa hiyo mpaka sasa hakuna nanoemulsheni iliyoidhinishwa kutibu uvimbe wa ubongo, kazi nyingi bado ni ya seli kwenye vyombo na ya panya. Mi naamini itafika. Nimeona kichupa cha propofoli kwa macho yangu, mafuta yanaweza kuingia kwenye damu ya mtu salama na kubeba dawa, hatua hiyo imeshapigwa.

Dada aliishi zaidi ya mwaka baada ya mionzi. Kuna kipindi alirudi mpaka darasani, hakufundisha, alikaa nyuma anasahihisha madaftari kwa mkono wa kushoto. Uvimbe ukarudi, akafia nyumbani Ilula, kaka mkubwa akiwa miongoni mwa waliokuwa wanamgeuza kitandani zamu za usiku. Ile chupa iliyobaki nusu tuliipeleka kwa mfamasia wa wilaya, ili ijulikane kinauzwa nini.

Juzi kijana wa Makambako amenipigia, namba yangu kapewa na mtu wa kiwandani. Baba yake kapigwa siti skani, kuna uvimbe, na kuna mtu anauza matone ya nano, anauliza anunue? Nikamuuliza, baba ameanzishiwa deksa? Akasema ndiyo, tangu jana. Nikamwambia mdogo wangu, baba atapata nafuu wiki hii, usimruhusu mtu yeyote akuambie nafuu hiyo imetoka kwenye chupa yake, na usiikatishe mwenyewe. Muulize huyo muuzaji dawa iliyomo ndani inaitwaje na namba yake ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya serikali, ni ipi, orodha ya dawa zilizosajiliwa iko wazi unaweza kuitafuta. Na pua ya mzee usiiguse. Hela uliyoshika ni nauli ya Dar na ya kula kule, tena hesabu ndefu kwa sababu mionzi ni karibu kila siku kwa wiki kama sita, beba picha zote na barua ya rufaa, kinyama kikitolewa uliza majibu yanasema uvimbe wa aina gani maana sio kila uvimbe wa ubongo ni kama wa dada yangu, upo unaokatwa ukaisha. Akaniuliza basi ya kwanza inapita saa ngapi. Nikamwambia aende stendi leoleo akakate tiketi.